Mama Farasi na Marobota Yake

Mara ya kwanza kumwona Mama Farasi, alikuwa ameingiza mkono mpaka begani ndani ya robota la nyasi, kama mtu anayemzalisha ng'ombe, na macho ameyafumba. Muuza nyasi alisimama kando ya lori lake akitabasamu. Tabasamu hilo halikudumu. Mama Farasi alitoa mkono, akanusa vidole, akauingiza tena, akatoka na jiwe la ukubwa wa ngumi.

"Hii ni nini?"

"Ni jiwe, mama. Mashine ilichota ikifunga."

"Mashine yako inachota mawe yameoshwa?" Akamwekea jiwe mkononi. "Onja. Ukiweza kulimeza, nanunua lori yote kwa bei yako."

Yule mtu hakuonja. Alishusha bei, na Mama Farasi akanunua lori zima. Kabla hajaondoka alimkalisha kwenye benchi, akampa chai na mandazi, akamjazia kikombe mara ya pili. Nilimuuliza kwa nini anamlisha mwizi. Akasema mwizi naye ana safari ndefu, na akilala njaa ataiba zaidi.

Mimi nilikuwa nimeenda pale kugombana. Farasi wake wawili walikuwa wamevunja ua na kuingia upande wetu, nami nilikuwa na maneno makali niliyoyapanga njiani. Yote yalinitoka kichwani. Niliondoka na mandazi mfukoni na bado ua umevunjika.

Jina la kanisani alikuwa nalo, na la kwao Ukambani alikuwa nalo, lakini Kitengela nzima ilimwita Mama Farasi, na mimi sitaanza leo kumwita jingine. Alikuwa mnene wa juu na mwembamba wa chini. Alivaa kofia ya mwanamume, gamboti msimu wote, na koti la mvua hata katika miezi ambayo mvua ilikuwa hadithi tu. Pikapu yake ilikuwa na mlango mmoja unaofunguka, nao haukuwa wa dereva.

Farasi hawakuwa wake. Walikuwa wa watu wa Nairobi: mawakili, madaktari, wenye viwanda, watu waliokuwa na pesa ya kununua farasi lakini hawana mahali pa kumweka. Walimlipa kila mwezi awalaze, awalishe na kuwasafisha, wao wakija Jumapili kuwapanda kidogo na kupiga picha. Zamani Mama Farasi alikuwa matroni wa shule ya bweni ya wasichana, na sidhani kama aliona tofauti. Kengele yake ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa, akiigonga kwa nyundo saa ya chakula. Farasi aliyechelewa kutoka malishoni alisemwa mbele ya wenzake. Wenye farasi aliwaita wazazi, na Jumapili ilikuwa siku ya wazazi.

"Wazazi ni wale wale," aliniambia. "Wanakuja na vitamutamu, wanasema mtoto amekonda, halafu wanaenda. Kinyesi wanakuachia."

Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda farasi. Nilipomuuliza, alinitazama kana kwamba nimemwambia avue koti. "Mwenye hoteli halali kwa kila kitanda," akasema. Mutiso, saisi wake, yaani mtu aliyewahudumia farasi kila siku, aliniambia ukweli: alikuwa anaogopa. Angemkemea dume la farasi mpaka liinamishe masikio, lakini likigeuka tu kumnusa, alijificha nyuma ya Mutiso.

Sisi tulikuwa jirani zake. Baba alikuwa ameniachia ardhi ile niiangalie, na nilikuwa na mke na ng'ombe na maoni yangu kuhusu kila kitu. Kimaa chake kilikuwa janga. Sisi Wamaasai tuna salamu ya wanawake na salamu ya wanaume, na yeye aliufunza ulimi wake moja tu. Siku moja alimwendea mjomba wangu, mzee wa heshima, rungu mkononi, akamwambia kwa sauti, "Takwenya!" Hiyo ni ya wanawake. Mjomba akaitikia kwa sauti nyembamba ya msichana, "Iko!" Wazee wakacheka mpaka mmoja akashika mti. Mama Farasi alifurahi sana. Alidhani amesema vizuri, na kuanzia siku hiyo akamsalimia mjomba vivyo hivyo kila walipokutana, na mjomba hakuwahi kukosa kuitikia.

Jambo lililotufunga pamoja lilikuwa nyasi.

Farasi hula kama mgeni anayechagua nyama kwenye sufuria. Pale penye nyasi tamu anakata mpaka kwenye mzizi, na pale alipoacha kinyesi hapagusi tena, hata pakiota msitu. Baada ya miezi michache shamba lake linafanana na kichwa cha mtoto aliyenyolewa na mlevi. Ng'ombe hana maringo hayo. Alichokikataa farasi yeye anakifagia, na minyoo ya farasi ikiingia tumboni mwa ng'ombe hufia humo. Kwa hiyo tukapatana: farasi wakimaliza sehemu moja wanahamia nyingine, ng'ombe wangu wanaingia nyuma yao kusafisha, halafu nyasi zinapumzishwa.

Shida ilikuwa nani amlipe nani.

"Ng'ombe yako inakula bure kwangu," alisema.

"Ng'ombe wangu anakufagilia nyumba, mama. Mfagiaji hulipwa."

"Mfagiaji gani anakula takataka na kunenepa? Wewe ndiye uniletee kitu."

Mazungumzo hayo tuliyarudia kila mwaka, kwa chai, kwa kelele, na mara mbili kwa machozi yake ya uongo. Hakuna aliyewahi kumlipa mwenzake. Nafikiri wote wawili tulijiona tumeshinda.

Kununua nyasi ndiko kulikokuwa kipaji chake, na hapo sina mzaha. Alinunua wakati kila mtu ana nyasi. Mvua ndefu zikiisha, mashamba yakiwa yamejaa na nchi nzima inapiga miayo kwa shibe, pikapu yake ilikuwa njiani ikitafuta wakataji wa boma rhodes, nyasi ndefu za kukausha. Watu walimcheka. Majani yanamfika magotini nyumbani kwake, na yeye ananunua mengine? Alinusa kila robota. Lenye harufu ya unyevu alilirudisha, kwa sababu nyasi zenye kuvu humkohoza farasi na kumsokota tumbo, na tumbo la farasi likisokota unaweza kumpoteza kabla chai haijapoa. Aliyapanga marobota juu ya vigogo yasiguse udongo, akaacha njia ya upepo katikati, akafunika kwa nailoni, akafunga ghala kwa kufuli mbili. Funguo alizivaa shingoni kwenye kamba ya viatu, pamoja na msalaba.

Humo ndani ubahili wake ulikuwa wa kutisha. Nyasi ziliwekwa kwenye nyavu zisikanyagwe. Kilichoanguka kilizolewa. Kilichobaki kwenye nyavu kilipimwa kwa jicho, na Mutiso aliulizwa kwa nini. Lakini bahili huyohuyo alikuwa na farasi wanne ambao wenyewe walihama nchi, au walifilisika, au waliacha tu kushika simu. Hakuwauza, hakuwachinjia mbwa wa watu. Walikula kama wengine. Nilipomuuliza hesabu hiyo anaipigaje, alisema nisimfundishe kazi, mimi mtu ambaye shemeji zake watano wanakula kwake tangu Krismasi. Ilikuwa kweli.

Alisali kwa nguvu na kutukana kwa nguvu. Kusali alisali kwa Kiswahili, kutukana kwa Kikamba, akidai kuwa Mungu alipofika Ukambani alikuta watu wameenda sokoni, hivyo lugha hakuishika vizuri. Akiomba mvua, aliomba kama mtu aliyemfuata fundi aliyekula pesa ya kazi. "Bwana, ulisema utakuja Machi. Leo ni lini?"

Alitudharau sisi Wamaasai kwa jambo moja tu, kuhama. "Nyinyi mnakimbizana na mawingu kama watoto na kipepeo," alisema. "Mtu mzima huweka chakula ndani, halafu anakaa." Nami nilimjibu kwamba mtu mzima huenda kwenye chakula, na kwamba ng'ombe hakupewa miguu bure. Hakuna aliyemsikiliza mwenzake, mpaka ukaja ule ukame wa mwaka wa elfu mbili.

Mvua zilikuwa zimekosa mara moja, tukavumilia. Zikakosa tena. Tambarare ya Kitengela ikawa rangi ya mkate, kisha rangi ya majivu, kisha haikuwa na rangi. Ndugu zangu walichukua ng'ombe wetu wengi wakaenda nao mpaka kando ya barabara za Nairobi, ambako ng'ombe walikula maua ya watu na nyasi za ofisi za serikali. Mimi nilibaki na wachache wa maziwa, na hata hao walikuwa na maziwa kwa jina tu. Lori la nyasi lililokuja sasa lilikuwa na bei ya kumtoa mtu machozi, na ndani yake nusu ni miti. Ghala la Mama Farasi, ambalo lilipojaa ungeweza kulipanda kama kilima, lilianza kuonyesha ukuta wa nyuma.

Akaita mkutano wa wazazi. Aliweka mabenchi mbele ya ghala, akafungua milango yote miwili wajionee.

"Wazazi," alisema, "chakula cha watoto wenu ni hicho. Sina kingine chini ya kitanda. Mkitaka wakae, mniongezee ninunue kwa bei ya sasa. Ambaye hawezi, aje amchukue wake."

Wakili mmoja akasema wapunguziwe chakula. Alijibiwa kwamba kimeshapunguzwa mara mbili, na kwamba farasi si mfungwa. Ndipo daktari wa meno akasimama. Alikuwa mama mmoja mrefu, mkali, mwenye miwani ya jua, na binti yake alikuwa na farasi wa kijivu aliyeitwa Biskuti.

"Lakini nyasi si ni nyasi?" akasema. "Kwa nini usikate zile za kando ya barabara?"

"Daktari," Mama Farasi akasema kwa upole wa kutisha, "nikija kwako na pengo, unaweza kuniwekea jino ya mbuzi? Si jino ni jino?"

Nusu ya wazazi walikubali kuongeza. Nusu walitazama viatu. Hakuna aliyekuja kumchukua wake.

Jioni ile alikuja kwangu kwa miguu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mke wangu alimpa kigoda. Alikaa muda bila kugombana na mtu, nikaanza kuogopa.

"Hebu niambie," alisema mwishoni, akitazama kwingine. "Nyinyi mkihama, mnahamaje?"

Sikumcheka. Ningali najisifu kwa hilo. Nilimwambia: kwanza unaulizia mvua ilinyesha wapi, pili unamtafuta mtu huko, tatu unatangulia wewe kabla ya mnyama. Mtu alikuwa naye. Mzee mmoja aliyekuwa akisali naye zamani alikuwa mkulima Entarara, huko karibu na Loitokitok, ambako maji ya mlima hushuka kwa mifereji na watu hulima vitunguu wakati sisi tunalima vumbi. Mzee alikuwa na shamba la nyasi alilolipumzisha, na mabua ya mahindi. Nilienda kuona, nikarudi, nikasema panafaa. Tukakodi lori la ng'ombe.

Kuwapakia farasi wale kwenye lori la ng'ombe ni kitu nisichokitakia adui. Biskuti aligoma kabisa. Aliweka miguu ya mbele kwenye ubao, akanusa harufu ya ng'ombe waliotangulia, akarudi nyuma akimkokota Mutiso kama kamba ya nguo. Mama Farasi alisimama mbali, mikono kiunoni, akampigia kelele za matroni: nani aliyemwambia yeye ni bora kuliko wenzake, mama yake analipa karo ya nini, na kadhalika. Hatimaye Mutiso alimfunika macho kwa sweta lake, na Biskuti akapanda kimya kama bibi harusi.

Wazazi hawakuambiwa. "Ukimwambia mzazi atataka mkutano," Mama Farasi alisema. "Wakati wa mkutano mtoto anakufa."

Nilikuwa nimerudi na lori tupu kuchukua kundi la mwisho wakati daktari wa meno alipofika Jumapili na binti yake na mfuko wa karoti. Alikuta vibanda vingi vitupu na Mama Farasi amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anakula muhogo.

"Biskuti yuko wapi?"

"Amehama."

"Amehama vipi? Nani amemhamisha farasi wangu?"

"Ukame, daktari. Hata Wamaasai wamehama." Akaninyooshea kidole kama ushahidi.

Daktari alitaja polisi, akataja mahakama, akataja na watu wengine wakubwa. Binti alienda kwenye kibanda cha Biskuti, akamwaga karoti zote chini. Mama Farasi aliziona, akaacha kutafuna.

Jumamosi iliyofuata daktari na binti yake walisafiri mpaka Entarara. Nilitegemea wafurahi. Farasi walikuwa kwenye kijani kibichi, mlima nyuma yao, maji yakiimba kwenye mfereji. Lakini walikuwa bado ni mifupa, kwa sababu Mama Farasi alikuwa ameweka sheria kali: tumbo lililozoea nyasi kavu halivumilii kijani kingi kwa ghafla. Watoke kidogo asubuhi, warudi, wapewe mabua na nyasi kavu, waongezewe siku hadi siku. Mimi nilidhani ni ubahili wake tu umemfuata mpaka mlimani.

Daktari alipitisha mkono kwenye mbavu za Biskuti. "Umemleta mbali ili afe mbali," akasema, akaingia garini.

Nimewahi kumwona Mama Farasi akitukanwa na wanaume walevi, na madereva wa lori, na mchungaji mmoja. Yote yalimpita kama upepo. Maneno hayo yalimwingia. Asubuhi yake alimwambia Mutiso amwache Biskuti nje kutwa.

"Mama, sheria?" Mutiso akauliza.

"Sheria ni ya nani?"

"Ni yako."

"Basi nimeivunja. Wiki ijayo nataka huyo mwanamke amkute amenona."

Kabla wiki haijaisha Biskuti alisimama katikati ya nyasi zote hizo na kukataa kupiga hatua. Alikuwa ameegemea nyuma, miguu ya mbele ameinyoosha, kama mtu anayesimama juu ya makaa. Nilimshika kwato. Zilikuwa na joto la sufuria. Ndivyo farasi anavyoadhibiwa na shibe ya ghafla: inashuka miguuni. Daktari wa mifugo aliyekuja kutoka Loitokitok alikuwa mtu wa ng'ombe na mbuzi, akasema hivyo mwenyewe bila aibu. Alitoa sindano ya maumivu na kusema tumweke kwenye maji baridi, tuombe.

Tukamwingiza kwenye mfereji, hatua kwa hatua. Na Mama Farasi, aliyekuwa akijificha nyuma ya Mutiso farasi akigeuza shingo, aliingia mle majini na gamboti zake, akamshika Biskuti hatamu, akasimama naye. Maji ya mlima ni baridi ya kuuma mfupa. Yalijaa kwenye gamboti. Tulimwambia atoke, Mutiso ataingia. Hakutoka mpaka jua lilipoegemea, na kesho yake akaingia tena. Biskuti alimlazia kichwa begani. Uso wa yule mama! Aliogopa mpaka midomo ikawa ya kijivu, na hakusogea.

Siku ya pili alinichukua twende Loitokitok mjini kupiga simu. Nilimshikia sarafu, naye akashika mkonga wa simu kwa mikono miwili.

"Daktari, ni Mama Farasi. Biskuti ni mgonjwa wa miguu… Hapana. Si ugonjwa uliokuja. Ni mimi. Nilimpa kijani nyingi nikijua. Nilitaka umkute mnene." Akasikiliza. "Hapana, si Mutiso. Ni mimi nimesema."

Nikaingiza sarafu nyingine. Kisha simu ikakatika. Kurudi Entarara hakumtukana hata mbuzi aliyetuzuia njia.

Walikuja. Daktari alishuka garini amekaza taya, na nilijua maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini binti alimpita, akavua viatu, akakunja suruali, akaingia mferejini, akashika upande wa pili wa hatamu. Wakawa watatu humo: msichana, farasi, na Mama Farasi katika koti lake la mvua. Daktari alisimama ukingoni. Baada ya muda alienda kwenye gari akatoa chupa ya chai, akawamiminia, na cha kwanza alimpa Mama Farasi. Hakusema amemsamehe, na sidhani kama alimsamehe siku ile.

Biskuti alipona kiasi cha kutembea, hakupona kiasi cha kupandwa. Mvua zilirudi, farasi wakarudi Kitengela, na daktari akaendelea kulipia farasi asiyefaa kwa lolote. Binti alikuja Jumapili zote kumsugua manyoya mpaka alipoenda chuo kikuu.

Baada ya hapo mji ulitufikia. Kwanza vijiti vyekundu vya wapima ardhi, halafu nyaya, halafu magorofa yenye nguo zinazoning'inia. Ng'ombe wangu waliofuata farasi nyuma hawakuwa na pa kufuata. Familia yetu iligawana ardhi, nami nikachukua sehemu yangu upande wa Ilbisil, nikahama na mama yangu aliyekuwa amebaki peke yake. Wazazi wa Mama Farasi mmoja mmoja walihamisha watoto wao au waliwazika. Nilisikia amebaki na ghala tu, na sasa anawauzia nyasi wenye ng'ombe.

Karibu miaka kumi baada ya Entarara, ukame mwingine ulikuja ukatukuta Ilbisil. Ulikuwa mbaya kuliko ule wa kwanza, na safari hii hapakuwa na pa kuhamia. Kila aliyeulizwa mvua ilinyesha wapi alicheka. Nikaenda Kitengela kwa Mama Farasi.

Nilimkuta amekaa juu ya marobota, nyonga imemharibikia, fimbo magotini. Alinitajia bei bila kupepesa. Kisha akauliza nina ng'ombe wangapi, nikamwambia.

"Sikuuzii."

"Nina pesa, mama."

"Pesa yako inatosha kuwafanya wafe polepole, wote. Chagua wale wataishi. Hao ndio nitauzia nyasi."

Nilimwambia siwezi. Ng'ombe hao nawajua kwa majina, na mama zao nawajua. Akamwita dereva, akasema kama mimi siwezi, yeye anaweza, kwa sababu yeye hawajui kwa majina.

Alifika bomani kwetu na shehena ya kwanza. Alipita kati ya ng'ombe kwa fimbo yake, akawashika mgongo, akawatazama meno, akasema huyu, huyu, huyu hapana. Mimi nilifuata nyuma nikiwatenga, nikiwa sioni vizuri. Mama yangu alikuwa amekaa mlangoni akitazama. Hawakuwahi kukutana vizuri, na mama Kiswahili chake kinaishia sokoni.

Mama Farasi alifika kwa ng'ombe mmoja mzee, mwekundu, pembe moja imepinda. "Huyu hapana," akasema.

Mama akasema jambo. Nikatafsiri: "Anasema huyo ndiye atakula kwanza."

"Anazaa?"

"Aliacha zamani."

"Ako na maziwa?"

"Hana."

"Sasa muulize, anafanya nini hapa?"

Nilimuuliza. Mama alifikiri vizuri, kama mtu aliyeulizwa swali la haki.

"Anasema wanazeeka pamoja."

Mama Farasi aliegemea fimbo. Alimtazama ng'ombe, akamtazama mama, akajisugua nyonga. "Shusha robota moja zaidi," akamwambia dereva. Na alinilipisha.

Nyasi hizo ziliokoa nusu ya ng'ombe wangu, wale aliowachagua karibu wote. Yule ng'ombe mzee alikula vizuri, kwa mkono wa mama, na akafa wiki chache kabla ya mvua. Nilimtajia Mama Farasi kifo hicho nilipopiga simu kuomba nyasi nyingine. Hakusema pole. Alisema sawa, akakata.

Kesho yake pikapu ilifika. Nyuma hapakuwa na nyasi. Dereva alimsaidia kushuka, naye akaja polepole na mfuko: sukari, majani ya chai, na maziwa ya pakiti, kama mtu anayekwenda kwenye msiba. Alinipita bila salamu. Mama alimwona, akaenda kuleta kigoda cha pili.

Nilikaa karibu ili nitafsiri, na hakuna aliyeniita. Mmoja alisema jambo kwa Kikamba, mwingine kwa Kimaa, na kila mmoja akaitikia alipoona inafaa. Walimaliza sufuria nzima ya chai. Kivuli cha nyumba kilipowahama, walisimama, wakasogeza vigoda, wakakaa tena.